Skrini Iliyotazama Benchi

Wiki tuliyompoteza Senge Nafula, mimi ndiye niliyetumwa kupeleka picha yake kwenye duka la kuchapisha pale Ruiru. Kijana wa duka alinipokea vizuri. Akanipa kiti, akaniambia pole kwa msiba, kisha akaanza kuandika historia ya marehemu. Nilikuwa nauona uso wake ukimulikwa na skrini, lakini mimi nilikuwa natazama mgongo wa hiyo skrini, waya na vumbi. Printa yake ilikuwa inatoa kazi ya mtu mwingine, na ile harufu ya karatasi iliyotoka moto, harufu ya wino wa unga uliopikwa, ikanifikia pale nilipoketi.

"Kijana wangu," nikamwambia, "unaweza kuigeuza hiyo kitu nione?"

Akashangaa kidogo. "Nikimaliza nitakuprintia moja usome, auntie. Usijali."

Alisema kwa heshima, na sikutaka kumsumbua. Lakini nililia hapo dukani, mara ya kwanza tangu tupigiwe simu na hospitali. Yeye alifikiri ninalia kwa sababu ya picha. Mimi nilikuwa nimekumbuka saiba ya Kiganjo.

Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka saiba, yale maduka ya kompyuta, kabla simu hazijawa na kila kitu. Mtu akitaka barua ya kuomba kazi, anaenda saiba. Akitaka kadi ya harusi, saiba. Akifiwa, saiba. Ya Senge ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara ya vumbi huko Kiganjo, Thika, kati ya kinyozi na mama wa chapati. Mlikuwa na kompyuta nne ukutani za watu kujifanyia kazi zao, mashine ya fotokopi kule nyuma iliyokuwa ikikohoa, na meza yake karibu na mlango. Senge alikuwa dada wa baba yangu. Ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita shangazi. Baba alifanya kazi kiwandani kwa zamu na mama aliuza mboga sokoni, kwa hiyo nikitoka shule nilikaa kwa Senge hadi mmoja wao anichukue. Nilikuwa darasa la tatu.

Senge mwenyewe aliishia darasa la nane. Alikuja Thika kutoka Bungoma kufanya kazi ya kukata mananasi, vidole vikamchubuka kwa ile asidi, akaacha. Akapata kazi ya kufagia kwenye chuo kimoja cha kompyuta mjini. Aliniambia alikuwa akipanguza meza polepole kuliko ilivyohitajika ili aone mwalimu anafanya nini. Wanafunzi walikuwa wakitoka na vyeti, yeye akitoka na ndoo, lakini alikuwa ametoka na kitu kichwani. Sijawahi kuona mtu aliyejifunza kwa njia ngumu hivyo akiwa mpole hivyo kwa wasiojua.

Kwenye meza yake kulikuwa na skrini mbili. Moja ilimtazama yeye. Ya pili ilikuwa imempa mgongo, ikitazama benchi ya wateja. Sijaona saiba nyingine Thika iliyokuwa na kitu kama hicho. Wateja wapya walikuwa wakifikiri ni televisheni. Mzee mmoja alingoja mpira hapo karibu saa nzima.

Ilikuwa ni ya kuonea kazi yako. Ukija kuandikiwa barua, unaketi kwenye benchi na barua yako inatokea mbele yako, herufi baada ya herufi, kadiri Senge anavyoandika. Ukiona kosa, unasema. Na hukuwa unaona kitu kingine chochote. Kwenye skrini yake Senge alikuwa na kazi za watu sita au saba zimefunguliwa, barua ya huyu, fomu ya yule, kila moja kwenye dirisha lake. Lakini skrini ya benchi haikurudia kilichokuwa kwenye ile yake. Alikuwa amezipanga ziwe kama uwanja mmoja mrefu uliogawanywa mara mbili. Alichukua dirisha lako peke yake, akalivuta, likatoka kwake likaingia kwako, naye akaandika kwa mazoea ya vidole, akiinama kuchungulia inapobidi. Mwenzako aliyekuwa ameandikiwa barua ya kuomba msamaha kwa mwajiri wake hakuonwa na mtu.

"Kila mtu aone yake," alikuwa akisema, "na asione ya mwenzake."

Kuzipanga hizo skrini kulimsumbua siku nyingi, na hilo ndilo ninalolistaajabia hadi leo. Kompyuta ilitaka kujua skrini ya pili iko upande gani, kulia au kushoto. Senge akasema kulia. Lakini skrini ile ilikuwa imegeuka, kwa hiyo kulia kwake kulikuwa kushoto kwa wateja, na dirisha likivutwa lilikuwa likienda kinyume na mkono wake. Akawa anakosea. Akaondoka kwenye kiti chake, akaketi kwenye benchi, akarudi kwenye kiti, akaenda tena kwenye benchi, kama mtu anayecheza mchezo na mtu asiyeonekana. Mwishowe akaiambia kompyuta kwamba skrini ya pili iko juu. Juu ni juu kwa wote, aliyeketi huku na aliyeketi kule. Tangu hapo mshale ukipanda na kupita ukingo wa juu wa skrini yake, ulichomoza chini kwenye skrini ya benchi. Hakuna aliyemfundisha hilo. Nilipokuja kufanya kazi mahali penye watu waliosoma, niliwaona wakishindwa na mambo madogo kuliko hilo.

Mimi nilikuwa nikipanda juu ya kiti na kuweka jicho kwenye ile nafasi kati ya skrini mbili, niuone mshale ukivuka. Senge alikuwa akiupeleka na kuurudisha kwa ajili yangu. Sikuwahi kuuona. Niliamini ni kwa sababu nilikuwa napepesa macho.

Jambo la pili ambalo sikulielewa ni madirisha yenyewe. Niliona barua ya mtu ikiwa mbele, kisha nyingine inakuja juu yake, na ile ya kwanza haipo. Nilidhani imekwisha. Halafu mwenyewe akirudi kutoka kununua chapati, Senge anabonyeza mara moja na barua yote inarudi, hata koma zake. Niliamini anaiandika upya kutoka kichwani, haraka kuliko jicho linavyoweza kuona.

"Senge, unakumbukaje maneno yote hayo?"

Alicheka mpaka mama wa chapati akachungulia kuuliza kuna nini. "Sikumbuki chochote, Nekesa. Haijaenda. Iko chini ya ile nyingine, kama sahani kwenye kabati. Unaitoa ya juu, unaikuta."

Akanionyesha. Akashusha dirisha moja, chini yake lingine, akalishusha, chini yake lingine, mpaka mwisho tukaona ile picha ya nyuma ya yote, kilima cha kijani na mawingu. Akayarudisha yote. Neno lile, haijaenda, lilinifurahisha kupita kiasi. Nilitembea nalo hata njiani. Nikawa naamini kwamba ndani ya kompyuta hakuna kitu kinachoweza kupotea, vinafunikwa tu.

Kazi iliyokuwa nyingi kuliko zote ilikuwa ya mazishi. Familia ilikuwa ikija na picha ya marehemu na karatasi yenye historia yake: alizaliwa na nani, akaoa nani, akapata watoto hawa na hawa, na mpango wa ibada. Kwa kazi hiyo Senge alikuwa na sharti moja. Kabla hajachapisha, lazima mtu mzee kuliko wote katika familia ile, kama anaweza kutembea, aje aketi kwenye benchi aangalie majina. Vijana walilalamika. Senge hakusikia. "Mazishi hayarudiwi," aliwaambia. "Nikikosea kadi ya harusi, mtacheka. Hii watu wanaiweka kwa Biblia."

Basi alasiri moja ya Alhamisi nilifika nikakuta mama mmoja kwenye benchi na msichana wa umri wangu. Nilimjua yule mama kwa sura. Alishona sare za shule kule ndani Kiganjo, na kila mtu alimwita Mama Shiku. Shiku ndiye huyo msichana. Alikuwa na sare ya shule nyingine na masikio makubwa yaliyosimama. Alikuwa amekaa na mikono katikati ya magoti, anatazama skrini bila kugeuka.

Mama Shiku hakuwa na karatasi. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini na Senge anaandika. Ilikuwa historia ya mtu aliyeitwa Njoroge, fundi wa pampu za maji, ambaye angezikwa Jumamosi kwenye shamba lake huko Murera. Nilimsikia Mama Shiku akisema, "Na alikuwa baba wa Wanjiku." Kwenye skrini ya benchi jina likatokea, na Shiku akalisoma kwa midomo bila sauti. Wanjiku ndilo jina lake kamili.

Kitu ambacho mimi sikukijua, na Senge pia alikuwa hajakijua alipoanza kuandika, ni kwamba historia ya huyo Njoroge alikuwa nayo tayari. Ilikuwa imeletwa siku iliyotangulia na mtu mwingine.

Mtu mwenyewe akaingia. Aliitwa Kariuki, kifungua mimba wa Njoroge, mtu wa kuishi Membley kwa matajiri, viatu vyake vikiwa havijui vumbi la Kiganjo. Alikuwa amemshika mkono nyanya yake, Shosho, mama wa marehemu, kwa sababu ya lile sharti la Senge. Shosho alikuwa mdogo wa mwili, miwani yake imefungwa kwa uzi, mkononi andazi lililofungwa kwa gazeti.

"Nimemtoa Shosho kutoka Murera, Mama Saiba," Kariuki akasema. "Vile ulisema."

"Asante. Shosho, karibu, keti hapa. Kariuki, nipe dakika chache, namaliza na hawa."

Kariuki akageuka, akawaona. Nilikuwa mtoto lakini niliona kwamba anawajua. Mama Shiku akaangalia chini. Kisha Kariuki akaiangalia skrini ya benchi, akasoma. Akaja hadi kwenye meza, akainama.

"Hii ni nini?"

"Ni kazi ya huyu mama."

"Ifunge."

"Siwezi kufunga kazi ya mtu akiwa ameketi kwa benchi yangu."

"Auntie, hujui hii maneno. Baba alikuwa na nyumba moja. Hiyo karatasi ikisomwa Jumamosi mbele ya watu, mama yangu ataanguka pale."

"Mimi sisomi Jumamosi," Senge akasema polepole. "Mimi naandika Alhamisi."

Wakati huo ile fotokopi ikakohoa na kusimama, na mwalimu aliyekuwa anatoa nakala za mtihani akaita kutoka nyuma kwamba imemeza karatasi. Senge akainuka. Aliniambia niketi kwenye kiti chake mtu asiguse kitu. Nilifurahi. Miguu yangu haikufika chini.

Kariuki akaniangalia. Hakuwa na uso mbaya. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala kwa siku kadhaa.

"Wewe kasichana, unaijua hii mashine?"

"Naijua."

"Ati unaijua? Haya, funga hiyo ya mbele, tuone yetu."

Nataka kusema ukweli wote hapa, kwa sababu kwa miaka mingi nilijisimulia tofauti. Sikuogopa. Hakunilazimisha. Nilitaka aone kwamba naweza. Na niliamini lile neno, haijaenda. Niliamini nikilifunga dirisha lile litakwenda chini ya lingine, kama sahani, na Senge akirudi atalitoa. Nikaupandisha mshale hadi ukavuka juu. Sikuweza kuuona tena kwenye skrini yangu, kwa hiyo nikasimama kwenye kiti nikainama upande wa pili, kichwa chini, mkono mmoja kwenye mausi. Nikaufikisha kwenye ule msalaba wa kufungia ulio pembeni. Nikabonyeza.

Kisanduku kikatokea katikati, kikiuliza kwa Kiingereza kama kazi ihifadhiwe.

"Bonyeza No," Kariuki akasema kwa sauti ya chini.

Nikabonyeza No.

Shiku alikuwa hatua moja kutoka kwangu. Macho yetu yalikuwa karibu kukutana, yeye akitazama skrini, mimi nikiitazama kutoka juu kama popo. Jina lake lilikuwepo, halafu halikuwepo.

"Haiya!" Mama Shiku akasimama. "Imeenda wapi?"

"Haijaenda," nikamwambia. Niliamini kabisa.

Nikarudi kwenye kiti nikaanza kuitafuta. Nikashusha dirisha la kwanza. Ilikuwa barua ya mtu. Nikashusha la pili, fomu. La tatu, kadi ya harusi. La nne, historia ya Njoroge, ile ya Kariuki. Nikaendelea kushusha mpaka nikafika kwenye kilima cha kijani na mawingu, na hapakuwa na kitu kingine chini yake. Nilikikazia macho kilima kile kama kwamba nacho kingeshuka.

Senge akarudi, mikono yake myeusi kwa wino. Akaona madirisha yote yamelala, akaona Mama Shiku amesimama.

"Nani amefunga?"

"Imejifunga," nikasema.

"Hizi mashine ni za zamani sana," Kariuki akasema, akiangalia mlango.

Tulidanganya pamoja, mtu mzima na mtoto, bila kupanga. Senge aliniangalia mimi, hakumwangalia yeye. Aliniangalia kwa muda kidogo tu. Halafu akapangusa mikono, nikampisha, akaketi.

Mtu mwingine angepiga kelele. Mtu mwingine angesema basi, yameisha, tuchapishe ya huyu aliyekuja kwanza. Yeye alifungua dirisha jipya, jeupe. Akalipunguza likawa nusu ya upana wa skrini. Akachukua ile ya Kariuki, akaipunguza nayo. Akazipandisha zote mbili kwenye skrini ya benchi, akaziweka bega kwa bega, moja kushoto, moja kulia, mpaka katikati ukabaki mstari mwembamba tu. Kwa miezi yote niliyokaa pale sikuwa nimemwona akiweka kazi mbili mbele ya benchi.

"Auntie, unafanya nini?" Kariuki akauliza.

"Hivi hakuna inayofunika nyingine. Yako iko hapo, sijaigusa. Mama Shiku, anza tena. Na useme kwa nguvu, hiyo fotokopi ina kelele."

Fotokopi ilikuwa imenyamaza.

Mama Shiku aliketi. Mara ya kwanza alikuwa akinong'ona. Sasa alianza chini, kisha sauti ikatoka, na chumba chote kikasikia, hata mwalimu wa mtihani.

"Andika, alikuwa anakuja Jumatano. Andika, alimfundisha huyu mtoto kuendesha baiskeli kubwa ya wanaume, mguu ukipita chini ya chuma. Andika... hakuwa anakula kabla ya kunawa mara mbili. Alisema ya kwanza ni ya grisi, ya pili ni ya chakula."

"Mara mbili!" Shosho akasema ghafla. Tulikuwa tumemsahau. Alikuwa ameshughulika na andazi lake, na nilidhani hasikii. "Hata akiwa mdogo! Alinimalizia sabuni huyo mtoto. Nilikuwa naificha kwa sufuria."

Akacheka, kisha akafuta jicho kwa kona ya leso. Akauliza, "Hiyo wameandika wapi?"

Senge akamwonyesha upande wa kulia. Shosho akasogeza miwani, akasimama, akaikaribia skrini mpaka pua ikataka kuigusa. Hakuwa msomaji. Baadaye Senge aliniambia kwamba wazee wengi walioletwa pale walijua kusoma neno moja tu, jina lao, na kwamba hilo ndilo alilokuwa akilitegemea. Shosho akapitisha kidole kwenye kioo, akiacha mstari wa mafuta ya andazi. Akaanza upande wa kushoto, kwenye orodha ya watoto aliyoileta Kariuki. Akasimama.

"Wanjiku," akasema. "Huyu ni mimi."

"Huyo ni dada yangu Ciku, Shosho," Kariuki akasema. "Yule mwalimu. Aliitwa jina lako."

"Si najua? Nilikuwa hapo." Kidole kikavuka ule mstari mwembamba wa katikati, kikaingia upande wa kulia. Kikasimama tena. "Na huyu ni nani? Hapa pia ni mimi."

Shosho akamgeukia mjukuu wake.

"Kariuki. Mbona niko mara mbili?"

Sisi kwetu watoto huitwa kwa njia nyingine. Mimi ni Nekesa kwa kuwa nilizaliwa wakati wa mavuno. Kwa hiyo sikuelewa kwa nini watu wazima wote pale ndani walimkodolea Kariuki macho. Nilikuja kuelezwa nikiwa mkubwa: Mkikuyu msichana wake wa kwanza humwita kwa jina la mama yake mwenyewe, na kama ana nyumba mbili, msichana wa kwanza wa kila nyumba huitwa hivyo hivyo. Mwanamume halitoi jina la mama yake kwa mtoto asiyemkubali. Siku ile niliona tu kwamba Kariuki alikuwa akimtazama Shiku.

Shiku akainua mkono. Akauinua kama darasani, kiwiko kikiwa kimenyooka.

"Ni mimi," akasema.

"Kuja," Shosho akamwambia.

Akamshika kidevu, akamgeuza huku, akamgeuza kule, kama mtu anayenunua. Alichukua muda wake.

"Haya masikio ni ya Njoroge," akasema mwishowe. "Pole sana, mtoto wangu."

Mwalimu kule nyuma akacheka kwa pua. Hata Senge alificha mdomo. Shiku mwenyewe hakujua acheke au alie, akabaki ameshikwa kidevu.

Kariuki alikuwa bado amesimama. Alitafuta mahali pa kuketi, na hapakuwa na nafasi ila kwenye ncha ya benchi karibu na Mama Shiku. Akaketi hapo. Wakawa wawili, wote wanatazama mbele.

"Jina tu, auntie," akasema, sauti imeshuka. "Weka jina lake chini ya wengine. Hayo ya Jumatano na baiskeli yaachwe nje. Nitaongea na mama yangu leo, lakini hayo yaachwe."

Senge alitoa mikono kwenye kibodi. Aligeuka kwa Mama Shiku akangoja.

Mama Shiku alifikiri. Alisugua kidole chake cha sindano. "Jina linatosha," akasema. "Hayo mengine tunayajua sisi."

Nimefikiria mara nyingi kwamba hilo halikuwa haki yote. Lakini sijawahi kuona haki ya kiasi kile ikipatikana ndani ya dakika ishirini kwa mtu kuketi na kupanga madirisha. Senge hakuhubiri. Hakusema nani ana haki. Aliweka karatasi mbili mahali ambapo kila mmoja angeziona, akangoja macho yafanye kazi. Jioni ile niliamini kila saiba duniani hufanya hivyo. Ilinibidi nikue ndipo nijue nilikuwa nimeketi karibu na mtu wa namna gani.

Akaondoa dirisha la kulia, safari hii akilihifadhi kwanza, akamwambia Mama Shiku kwamba atamchapishia nakala yake ya kuweka nyumbani. Ile ya Kariuki akaipanua ikajaa skrini ya benchi. Akaushusha mshale mwisho wa orodha ya watoto. Halafu badala ya kuandika, akainuka.

"Nekesa. Keti."

"Mimi?"

"Wewe. Andika jina la mwenzako."

Alikwenda akasimama karibu na mlango, mikono nyuma, akitazama barabara, kana kwamba kazi ile haimhusu. Nilijua kwamba anajua.

Nikapanda kwenye kiti. Nikabonyeza W kwa kidole kimoja. Sikuweza kuona ninachoandika, kwa kuwa dirisha lilikuwa kule kwao. Nilikuwa naona kibodi, na juu ya ukingo wa skrini, paji la uso la Shiku na yale masikio.

"W," Shiku akasema kutoka upande wa pili. "Imekuja."

Nikaweka a.

"A."

Nikatafuta n. Nikabonyeza.

"Hiyo ni m. Rudisha."

Nikarudisha. N ikaja. J ikaja. I ikaja, na kila moja Shiku aliitaja, na Shosho akaitikia kwa kichwa kama yuko kanisani. Nilipoweka k nikashindwa kuendelea. Nilijaribu kusubiri mtu mwingine aseme ukweli. Kariuki alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Ni mimi nilifunga ile yenu," nikasema. "Haikujifunga. Nilibonyeza No."

Kwenye mlango, mgongo wa Senge haukutikisika.

Shiku akainuka kidogo kutoka kwenye benchi ili anione juu ya skrini. Hakuwa amekasirika, au kama alikuwa, alikuwa ameshamaliza.

"Najua," akasema. "Si nilikuwa naona? Weka u."

Nikaweka u.